Kusaka makopo kwa GPS: mwongozo wa mwalimu anayetaka kuitoa ramani ubaoni

Mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kukuambia bila kusita kwamba latitudo hulala na longitudo husimama, akapata alama zake zote, na bado asijue kama namba ya latitudo inapanda au inashuka anapotembea kutoka lango la shule hadi jikoni. Mchezo nitakaoueleza hapa unamtoa kwenye shida hiyo. Mwalimu anaficha makopo machache ndani ya eneo la shule, anawapa wanafunzi majiranukta ya kila kopo, yaani zile namba mbili za latitudo na longitudo, nao wanayasaka kwa simu, dira na macho yao.

Ulimwenguni unajulikana kama geocaching, au jiokashi, na ulianzia Marekani. Hadi mwaka 2000 serikali ya nchi hiyo ilikuwa ikiyachafua kwa makusudi mawimbi ya GPS, yaani mfumo wa setilaiti unaokuonyesha mahali ulipo, yanayotumiwa na raia, kiasi kwamba kifaa kingeweza kukupoteza kwa mita 100 hivi. Uchafuzi huo ulizimwa usiku wa kuamkia tarehe 2 Mei 2000. Tarehe 3 mtu mmoja aitwaye Dave Ulmer akaificha ndoo porini karibu na Beavercreek, jimbo la Oregon, akatangaza majiranukta yake kwenye intaneti. Ndani aliweka vitu kama vitabu, manati na kopo la maharage. Sheria yake ilikuwa fupi: ukiipata, chukua kitu, acha kitu, andika kwenye daftari. Leo makopo ya aina hiyo yamefichwa karibu kila nchi.

Kabla hatujaendelea nina sharti moja, na nitalirudia: simu isifanye kazi ya mwanafunzi. Programu nyingi huonyesha mshale unaokuelekeza kwenye kopo na umbali uliobaki. Mpe mtoto mshale huo na atakimbia hadi kwenye kopo bila kujifunza chochote zaidi ya kukimbia. Mpe namba tupu, na itabidi afikiri kila baada ya hatua kumi.

Vinavyohitajika

Kwa darasa la wanafunzi 40 au 50 nashauri simu janja nne, za walimu au za kuazima kwa wazazi, maana shule zetu nyingi haziruhusu mwanafunzi kuwa na simu. Tafuta dira moja kwa kila kundi kama zipo, makopo sita hadi nane, kamba ndefu, penseli, karatasi za grafu na ramani ya eneo. Bando si lazima. Simu hupokea mawimbi ya setilaiti bila mtandao, ila bila mtandao inaweza kuchukua dakika kadhaa kupata mahali ilipo kwa mara ya kwanza. Wathibitishie wanafunzi hili kwa macho: weka simu katika hali ya ndegeni, toka nayo uwanjani, subirini pamoja namba zitokee. Wengi wao wanaamini GPS ni kitu cha intaneti, na hapo ndipo utawaona wakitazamana.

Kuhusu programu, tumia yoyote inayoonyesha latitudo, longitudo na makadirio ya kosa kwa mita. Kwa ramani, OsmAnd na Organic Maps hukuruhusu kupakua ramani ya nchi nzima mara moja nyumbani, kisha ukaitumia bila mtandao. Ramani hizo hutoka OpenStreetMap, ramani huru ya dunia ambayo watu wenyewe huichora, na ambayo tutairudia baadaye.

Ruhusa, na mambo ya kuepuka

Zungumza na mkuu wa shule kwanza, kisha mlinzi, kisha watu wa usafi. Usilichukulie hili kama adabu tu. Kopo lililofichwa kichakani bila maelezo linaweza kumtia mtu hofu ya kweli siku hizi. Ukiweza tumia makopo yanayopitisha mwanga ili kilichomo kionekane, na juu yake andika kwa herufi kubwa: MALI YA SHULE, MCHEZO WA WANAFUNZI, pamoja na jina la shule. Ukitaka kutoka nje ya uzio, ongea na mwenyekiti wa mtaa au kijiji, na kaa mbali kabisa na kambi za jeshi, vituo vya polisi, mitambo ya umeme na maji, na reli.

Ndani ya uzio adui ni wengine: nge, nyoka, siafu na vioo vilivyovunjika. Weka sheria isiyojadiliwa: hakuna anayeingiza mkono mahali asipopaona. Wewe mwenyewe usifiche kopo shimoni, chini ya jiwe au juu ya mti. Jihadhari pia na picha, kwa sababu picha nyingi za simu hubeba majiranukta ya mahali zilipopigwa. Usiziweke za wanafunzi hadharani, na usiwape zoezi la kuandika majiranukta ya nyumbani kwao.

Hatua ya kwanza: setilaiti za kamba

Anza bila simu kabisa. Ukiruka hatua hii mchezo utabaki kuwa mazingaombwe.

Chagua nukta moja uwanjani kwa siri, kisha pima umbali wake kwa kamba hadi sehemu tatu zinazojulikana, tuseme mlingoti wa bendera, nguzo ya goli na mwembe. Kata kamba tatu kwa urefu huo. Siku ya somo, mwanafunzi mmoja anashika ncha ya kamba ya kwanza kwenye mlingoti, mwingine anaivuta mpaka inyooke na kuzunguka nayo huku akimwaga majivu, yale yale mnayochorea uwanja wa mpira. Uliza darasa: nukta yangu iko wapi? Popote kwenye duara hili. Kamba ya pili ikichora duara lake kutoka kwenye goli, mistari inakatana sehemu mbili. Ya tatu inabakiza sehemu moja, na hapo mtu anasimama.

Sasa waambie kwamba GPS inafanya hivyo hivyo, ila kamba zake ni muda. Setilaiti za GPS, ambazo ni kama 30, huzunguka dunia kwa umbali wa kilomita 20,200 hivi juu yetu, kila moja ikitangaza iko wapi na saa ngapi. Mawimbi husafiri kilomita 300,000 kwa sekunde, kwa hiyo kutoka setilaiti iliyo utosini hadi mkononi mwako ni kama sekunde 0.067. Wape wagawanye wenyewe. Kisha uliza swali ambalo wanafunzi wa fizikia wanalipenda: saa ya simu ikikosea kwa sehemu moja ya milioni ya sekunde, umbali utakosewa kwa kiasi gani? Mita 300. Setilaiti zina saa za atomu, simu haina, na ndiyo sababu inahitaji setilaiti ya nne ili isahihishe saa yake.

Jambo moja lisisitize hapa, maana watu wazima pia hulikosea: setilaiti haikuoni. Inatangaza tu kama redio, na redio haijui nani anaisikiliza. Simu yako ndiyo inayopiga hesabu. Mtu akifahamu mahali ulipo, amefahamu kwa sababu simu ilimwambia kupitia mtandao.

Wanafunzi wakiuliza kama Afrika ina habari yoyote na setilaiti, usiende mbali. Karibu na Malindi, baharini, kulikuwa na jukwaa la Waitaliano la kurushia roketi lililoitwa San Marco. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, ilirushwa hapo setilaiti ya Marekani ya kuchunguza miali ya eksirei kutoka angani, na ikapewa jina la Uhuru. Haikuwa ya kuongozea njia, lakini ilipaa kutoka pwani yetu ikiwa na jina la Kiswahili.

Marekani haiko peke yake pia: Urusi ina GLONASS, Ulaya ina Galileo, China ina BeiDou, na simu nyingi za siku hizi husikiliza zote nne.

Hatua ya pili: namba zinavyotembea

Weka simu zote zionyeshe nyuzi na dakika zenye desimali tatu, kwa mfano S 6° 48.200′, dakika 60 zikifanya nyuzi moja. Mtindo huu ndio unaotumiwa na wachezaji duniani kote, na kwa darasa una faida: dakika moja ya latitudo ni kama mita 1,840 kwetu, kwa hiyo tarakimu ya mwisho inabadilika kila baada ya mita mbili hivi, ambazo mtoto anaziona kwa hatua zake.

Toka nao uwanjani. Mwanafunzi mmoja ashike simu na kutembea taratibu kuelekea kusini huku akisoma dakika za latitudo kwa sauti: arobaini na nane nukta mia mbili, mia mbili na moja, mia mbili na tatu. Namba inapanda. Geuka kaskazini, inashuka. Hii ni kwa sababu tuko kusini mwa ikweta na tunahesabu kutoka huko. Shule ya Kitale au Gulu itaona kinyume chake, na ya Nanyuki, ambako ikweta inapita, inaweza kuwatembeza wanafunzi wakaziona namba zikishuka hadi sifuri na kuanza kupanda tena. Rudia kwa longitudo, mashariki na magharibi. Kisha mwambie asimame tuli. Namba zitaendelea kucheza kidogo, mara mia mbili na tatu, mara mia mbili na nne. Usilieleze hilo bado. Waache waandike tu kwamba limetokea.

Miongozo mingi ya mchezo huu imeandikwa Ulaya au Marekani, na ukiitumia bila kuangalia itakupotosha katika hesabu za longitudo. Mistari ya longitudo hukaribiana kadiri unavyoelekea kwenye ncha za dunia. Kule London dakika moja ya longitudo ni kama mita 1,155 tu. Kwetu Dar es Salaam ni kama 1,840, karibu sawasawa na ya latitudo. Kwa hiyo tunao upendeleo ambao Mzungu hana: mwanafunzi wetu anaweza kutumia namba moja kwa pande zote mbili na kuchora gridi yake kwa miraba kamili.

Sasa hesabu yenyewe. Tuseme lango la shule liko S 6° 48.200′, E 39° 14.500′, na kopo liko S 6° 48.254′, E 39° 14.560′. Tofauti ya latitudo ni 0.054, zidisha kwa 1,840, upate mita 99 kusini. Tofauti ya longitudo ni 0.060, mita 110 mashariki. Kanuni ya Pythagoras inatoa umbali wa moja kwa moja wa mita 149 hivi, na tanjiti inatoa uelekeo wa nyuzi 132 kwenye dira. Kundi likifika na hesabu hii tayari daftarini, simu linaihitaji kwa kuhakiki tu. Darasa la sita au la saba wasifike kwenye tanjiti; wachore kwenye karatasi ya grafu na wapime kwa rula na kipimapembe.

Makosa mawili yatatokea, na yote ni mazuri kwa kufundishia. La kwanza ni kuchanganya dakika na desimali za nyuzi. 6° 48′ ni sawa na 6.8, si 6.48. Mwanafunzi wa Dar es Salaam akiandika 6.48 amesogea kilomita 35 kaskazini, na kopo lake limetua baharini kati ya Dar na Unguja. La pili ni kusahau S, au alama ya kutoa kwenye programu zinazotumia desimali. Huyo kopo lake liko Ethiopia. Waonyeshe kwenye ramani ya ukutani wachekane, hawatasahau.

Hatua ya tatu: kuficha

Makopo ya plastiki ya Blue Band yanafaa kuliko ya bati, ambayo hushika kutu na kukata vidole, ila uwe umeyaosha kwa sabuni mara mbili, la sivyo siafu watafika kabla ya wanafunzi. Ukipata yanayopitisha mwanga, bora zaidi. Ndani weka karatasi ya kuandikia majina, penseli na swali. Karatasi itie kwenye kichupa cha dawa chenye kizibo, kwa sababu unyevu na mchwa wataipata, na mifuko ya plastiki imepigwa marufuku. Kalamu ya wino inaweza kukauka au kuvuja kwa joto. Usiweke chakula wala pipi.

Mahali pa kuficha pawe pa wazi kwa anga kadiri inavyowezekana. Chini ya mwembe mkubwa au kando ya jengo la ghorofa mawimbi hupungua au kurudi nyuma baada ya kugonga ukuta, na simu inakuambia uko upande wa pili wa jengo. Hata hivyo fanya kusudi kopo moja liwe kando ya ukuta wa mabati, utalihitaji baadaye. Angalia pia kwamba mwanafunzi anayetembea kwa magongo au kwa kiti cha magurudumu anafika kwenye makopo yote.

Kupata majiranukta ya kopo, weka simu juu yake, subiri hadi makadirio ya kosa yatulie, andika. Rudi asubuhi ya kesho, andika tena. Rudi jioni. Chukua wastani wa vipimo hivyo. Setilaiti hubadilisha mkao angani mchana kutwa, kwa hiyo vipimo vitatu vya papo kwa papo vinarudia kosa moja. Hapa walimu wengi hufanya haraka, kisha kundi zima linazunguka kichaka kisicho na kitu.

Swali la ndani ya kopo

Hapa ndipo unapoamua hili ni somo gani. Jiografia si lazima. Kila kopo linaweza kutoa tarakimu mbili za mwisho za majiranukta ya kopo linalofuata, lakini baada ya kazi. Hisabati: pima mzingo wa mti huu, tafuta kipenyo chake kwa sentimita, tarakimu ya makumi ndiyo unayoihitaji. (Pima mwenyewe kwanza, na chagua mti ambao kosa la sentimita moja halibadilishi jibu.) Baiolojia: hesabu vijani vya jani moja la mmea ulio mbele yako, baada ya wewe kuchagua mmea usiobadilika idadi. Historia: mwaka ulioandikwa kwenye jiwe la msingi la jengo la utawala.

Kiswahili kinaingia vizuri kuliko masomo yote, kupitia vitendawili. Kitendawili! Tega! Nina mguu mmoja, kila asubuhi mnaniimbia. Mlingoti wa bendera. Nafungua kinywa kwa kengele, nawameza asubuhi, nawatapika jioni. Lango. Tunga vyako kwa ajili ya shule yako. Vya vitabuni wanavijua majibu tayari. Bora zaidi, wape kidato kimoja kazi ya kuvitunga kwa ajili ya kingine.

Siku yenyewe

Chukua vipindi viwili mfululizo, dakika 80. Toa dakika 15 za mwanzo kwa hesabu darasani na 20 za mwisho kwa mjadala; uwanjani zinabaki 45, ambazo zinatosha makopo matatu au manne.

Kwa wanafunzi 50 na simu nne, usitoe watu wote kwa pamoja. Makundi manne ya watu sita yaende uwanjani, nusu iliyobaki ichore ramani ya eneo la shule kwenye karatasi ya grafu, kisha mbadilishane. Kila kundi lianzie kopo tofauti, vinginevyo la kwanza litavuta mengine yote kama mkia. Gawa kazi: msoma simu, mwandishi, mshika dira, mhesabu hatua, mtunza muda, na mmoja wa kutazama chini wanapokanyaga. Kazi zibadilishwe kila kopo. Na hapa niseme wazi: ukisema tu “mmoja ashike simu”, itashikwa na mvulana mwenye sauti kubwa kuliko wote hadi kipindi kiishe. Taja wewe jina la wa kwanza, na aanze msichana mkimya.

Dira za simu ziangaliwe kwa shaka. Karibu na goli la chuma, madawati au mabati zinapotoka. Kuzungusha simu hewani kwa umbo la namba nane husaidia kuirekebisha, lakini kando ya chuma hakuna dawa isipokuwa kusogea.

Filimbi moja, kila mtu anasimama. Filimbi tatu, wote wanarudi.

Mita tano za mwisho

Sehemu hii ndiyo ninayoipenda, na ndiyo inayobeba somo lote. Simu janja ya kawaida chini ya anga wazi hukosea kwa mita tano hivi. Waambie: simu ikisema mmefika, izimeni kioo na mwekeni mwenye nayo pembeni. Kuanzia hapo ni macho.

Kwanza wapige hesabu ya eneo wanalopaswa kulisaka. Duara la nusu kipenyo cha mita 5 lina mita za mraba 78 na kitu, kubwa kidogo kuliko chumba cha kawaida cha darasa. Ukikumbuka kwamba aliyeficha naye alikosea kwa mita kadhaa, nusu kipenyo inaweza kufika 10, na eneo linakuwa mita za mraba 314. Kuongeza kosa mara mbili kumeongeza eneo mara nne. Nimeona wanafunzi wanaochukia hisabati wakibishana kuhusu hili kwa hamu, kwa sababu wamechoka kuinama.

Kisha wafikiri kama aliyeficha. Nyasi zimelala wapi? Ni majani gani makavu yamegeuzwa, upande wa unyevu ukiwa juu? Katika eneo hili, mwalimu mwenye haraka angeweka wapi kopo? Hapo kundi linaacha kuzungumza kuhusu simu na kuanza kuzungumza kuhusu udongo, kivuli na njia za watu.

Wakilipata kopo, waweke simu juu yake na waandike majiranukta wanayoyaona, hata kama yanatofautiana na uliyowapa, na hasa yakitofautiana. Kila kundi lifanye hivyo kwa kila kopo. Darasani, chora mhimili mkubwa ubaoni ukiweka kopo katikati, na kila kundi liweke nukta yake. Sasa ule mchezo wa namba za mtu aliyesimama tuli unapata maelezo: nukta zinatawanyika kuzunguka kopo, na wastani wake kwa kawaida unakaribia zaidi kuliko nyingi kati yake moja moja. Halafu chora za lile kopo la kando ya mabati. Mara nyingi zenyewe zinaegemea upande mmoja, na wastani hauzirudishi. Kuna kosa linalotawanyika na kosa linalovuta, na la pili haliponi kwa kupima mara nyingi. Mwanafunzi aliyeliona hilo ubaoni kwa nukta zake mwenyewe ataelewa sura ya majaribio ya maabara bila wewe kuongeza neno.

Kutoka uwanjani hadi kwenye ramani

Kama shule ina ramani ya topografia ya 1:50,000, weka majiranukta ya lango juu yake. Usishangae lango likitua mahali pasipo sahihi. Ramani za zamani za Kenya, Uganda na Tanzania zilichorwa kwa msingi wa vipimo uitwao Arc 1960, na simu inatumia WGS 84. Tofauti yake kwetu ni karibu mita 300, hasa kwa upande wa kaskazini na kusini, yaani milimita 6 kwenye ramani hiyo. Hakuna aliyekosea, vipimo vimeanzia mahali tofauti. Wanaotaka kwenda mbali zaidi waweke simu katika gridi ya UTM, ambayo inatoa mita moja kwa moja. Dar es Salaam, Tanga na Arusha ziko kanda ya 37, Dodoma, Mbeya na Mwanza ya 36, Kigoma mjini ya 35.

Zoezi ambalo linaamsha darasa lolote la pwani ni la kibla. Kaaba iko 21° 25′ kaskazini, longitudo 39° 50′ mashariki. Mombasa iko longitudo 39° 40′, Dar es Salaam 39° 17′. Waulize Makka iko upande gani, halafu watoke na dira wakaangalie msikiti wa jirani umeelekea wapi. Ni kaskazini, karibu kabisa. Kutoka Dar es Salaam, jumlisha 21° 25′ na 6° 48′ upate 28° 13′, ambazo ni dakika 1,693. Zidisha kwa kilomita 1.84, na umbali ni kama kilomita 3,100. Wapo watakaopinga kwa sababu wamezoea kusikia kwamba Uarabuni ni mashariki. Waache wapinge, ramani ipo.

Ukipata darasa linaloendelea kuuliza, waonyeshe kazi za watu waliochukua simu na GPS wakachora mitaa yao. Map Kibera ilianza Nairobi mwaka 2009. Dar es Salaam, mradi wa Ramani Huria ulianza mwaka 2015, wanafunzi wa vyuo vikuu wakishirikiana na wananchi kuchora mitaa inayokumbwa na mafuriko, na data zikawekwa OpenStreetMap ambako kila mtu anaweza kuziona. Wanafunzi wako wanaweza kuongeza kisima, zahanati au njia ya mkato iliyokosekana, wewe ukiwa ndiye mwenye akaunti na mhakiki.

Kuyaacha makopo au kuyaondoa

Kuna tovuti ya kimataifa ya mchezo huu, ambapo kopo lako linaweza kusakwa na wageni. Ina masharti: liwe na ruhusa ya mwenye eneo, liwe umbali wa angalau mita 161 na kopo jingine, na liwe na mtu wa kulitunza. Kwa kopo lililo ndani ya uzio wa shule jibu langu ni hapana, sitaki watu nisiowafahamu wakizunguka na simu karibu na mabweni. Shule inayotaka kushiriki kwa wageni ifikirie ile aina isiyo na kopo, iliyoanzishwa na chama cha wanajiolojia cha Marekani mwaka 2004: unatoa majiranukta ya mahali penye kitu cha kujifunza kuhusu ardhi, na mgeni anajibu maswali akiwa hapo. Mwamba wa matumbawe ufukweni au jabali la Mwanza linatosha, na hakuna cha kuibwa.

Makopo ya ndani yakusanye kabla ya likizo na uyahesabu. Muhula unaofuata usiyafiche wewe. Wape kidato cha tatu wayafiche kwa ajili ya kidato cha kwanza, kwa sharti kwamba kila kundi likabidhi majiranukta yake kwa kundi jingine la kidato hicho hicho likayahakiki uwanjani kwanza, na wahakiki waweke sahihi zao kwenye karatasi. Atakayesahau S ajulikane kabla wadogo zake hawajatumwa Ethiopia.